Kodi ya Gari Hainunui Nafasi ya Kuegesha

Katika mabishano ya mita za maegesho hakuna swali lililoulizwa na kujibiwa mara nyingi zaidi, bila jibu lake kusikilizwa, kuliko la mwenye gari anayedai kwamba barabara ni mali ya umma, kwamba kodi ya gari amekwisha kuilipa, na kwamba kumtoza ushuru kwa kusimamisha gari tu ni kumlipisha mara mbili kitu kilicho chake. Swali hilo liliulizwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935, mita ya kwanza ilipowekwa kando ya barabara. Liliulizwa Nairobi mwaka 2013, serikali ya kaunti ilipopandisha ada ya maegesho ya katikati ya jiji kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku, na Dar es Salaam mwaka 2021, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulipoingiza mfumo wa kielektroniki wa kukusanya ushuru wa maegesho. Kwa sura nyingine liliulizwa pia Maputo mwezi Februari 2022, vituo vya tozo vya Barabara ya Mzunguko vilipoanza kutoza. Kila kizazi cha wenye magari hulileta kama hoja mpya isiyokuwa na jibu, ilhali ni hoja kongwe, dhaifu na ya kupotosha, na muda unaotumika kuibishania ni muda unaoibwa kutoka kwa maswali yanayostahili kuulizwa.

Katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, Msumbiji, mwenyeji anaweza kuliona suala hili kuwa la watu wa miji mikubwa, lakini hapo ndipo jibu lake linapohitajika mapema kuliko kwingine. Uamuzi wa kuwekeza katika mradi wa gesi asilia wa Afungi ulitangazwa mwaka 2019. Shambulio la wanamgambo mjini Palma mwezi Machi 2021 likausimamisha. Na mwezi Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kukifuta kile kifungu cha kimkataba kinachomruhusu mhusika kusitisha wajibu wake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, ambacho ilikuwa imekitumia tangu Aprili 2021. Mahali panapojengwa mradi wa ukubwa huo, magari hufika kabla ya mitaa: malori ya mizigo, magari ya wakandarasi, mabasi ya wafanyakazi na pikipiki za abiria hujaza kando za barabara kabla hakijawapo chombo cha mji chenye uwezo wa kuzipangia utaratibu. Aliyeegesha bure kwa miaka mitano huamini kwamba ana haki ya kuegesha bure daima, na mazoea yana taabu kuyavunja. Mji usioamua mapema hulazimika kuamua baadaye, katikati ya kelele na kesi mahakamani.

Kabla ya kuendelea, ni vema istilahi mbili ziwekwe sawa. Mita ya maegesho ni chombo kinachouza muda wa kukalia nafasi iliyochorwa kando ya barabara. Ile ya kwanza ilikuwa nguzo yenye saa ndani yake: dereva alitumbukiza sarafu ya senti tano, springi ya saa ikaanza kulegea, na mshale ukasogea hadi muda ulipokwisha. Siku hizi nguzo si lazima. Katika miji ya Tanzania mhudumu hupita na mashine ya mkononi, huandika namba ya gari na saa alipolikuta, na dereva hupata namba ya malipo ambayo hulipia kwa simu. Mashine hiyo ni mita kwa maana kamili ya neno, ijapokuwa haina nguzo. Istilahi ya pili ni kiwango cha ukaliwaji, yaani sehemu ya nafasi zote za mtaa iliyo na magari kwa wakati fulani. Mtaa wenye nafasi 20 na magari 17 una ukaliwaji wa asilimia 85. Asiyeijua namba hiyo katika mtaa wake hana analoweza kulisema la maana kuhusu mita, awe diwani au mwenye gari.

Sasa hoja yenyewe ya kodi. Kodi na ada ni vitu viwili tofauti katika sheria ya fedha ya umma. Kodi ni mchango wa lazima ambao mlipaji hapati kwa ajili yake kitu mahususi, bali hugharimia mambo ya wote. Ada au ushuru wa huduma ni malipo ya kitu mahususi ambacho mlipaji, na si mwingine, amekitumia. Kodi hujenga barabara na kuziba mashimo yake, na kwa hiyo kila mtu ana haki ya kupita. Kuegesha, kinyume chake, ni kuikalia sehemu ya barabara kwa namna inayomzuia kila mtu mwingine asiitumie kwa muda huo wote, na hakuna kodi yoyote, Msumbiji, Tanzania wala Kenya, iliyowahi kuuza haki ya kukalia. Kivuko cha Magogoni na Kigamboni jijini Dar es Salaam ni mali ya serikali, kinaendeshwa na wakala wa serikali, na abiria wake ni walipa kodi. Hata hivyo kila anayevuka hulipa nauli, na hakuna anayesimama kwenye lango la kivuko kudai kwamba kwa kuwa meli ilinunuliwa kwa kodi yake, basi kiti ni chake.

Hoja hiyo huporomoka zaidi inapochunguzwa ni kodi gani hasa inayosemwa. Nchini Tanzania, ada ya leseni ya magari ya kila mwaka, ile ambayo wengi bado wanaikumbuka na kuitaja katika mabishano, ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kenya ilikwisha kuifuata njia ya mafuta tangu sheria ya tozo ya matengenezo ya barabara ya mwaka 1993, na tozo hiyo ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Msomaji na aipime maana yake kwa makini. Kodi iliyo ndani ya mafuta hulipwa na gari linalotembea, kwa kadiri linavyotembea, ilhali gari lililoegeshwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni halikuchoma hata tone moja na kwa saa hizo kumi halikuchangia hata senti. Wakati huohuo abiria wa daladala aliyepita mbele yake amelipa kodi ya mafuta ndani ya nauli yake, na bibi wa kijijini mwenye kibatari ameilipa ndani ya lita ya mafuta ya taa. Anayesema kwamba nafasi ya kuegesha imekwisha kulipiwa anasema kweli kwa sehemu moja tu: imelipiwa na watu wasiokuwa na magari.

Nchini Msumbiji kodi ya magari ya kila mwaka bado ipo, na ndani ya manispaa mapato yake huingia katika hazina ya halmashauri, kwa hiyo huko hoja ya kulipa mara mbili husikika kuwa na nguvu zaidi. Nguvu hiyo ni ya juu juu. Kodi hiyo hukadiriwa kwa aina na sifa za gari, na kiasi ni kilekile kwa gari linalolala uani mwa mwenyewe mwaka mzima na kwa gari linalokalia nafasi mbele ya soko kila siku ya kazi. Malipo yasiyotofautisha kati ya hao wawili hayawezi kuwa bei ya nafasi, kama ambavyo leseni ya biashara haimpi mwenye duka haki ya kuuzia bidhaa zake katikati ya njia.

Bado kuna neno linalorudiwa kwa sauti kubwa zaidi: mali ya umma. Neno hilo, likifuatwa kwa haki, humhukumu anayelitumia. Nafasi moja ya gari huchukua mita 2.5 kwa 5, yaani eneo la mita za mraba 12.5, bila kuhesabu sehemu ya barabara inayotumika kuingilia na kutokea. Katika masoko ya manispaa za Msumbiji, mama anayepanga mafungu ya samaki wakavu na nyanya juu ya turubai lisilozidi mita za mraba mbili hukatiwa senha, yaani risiti ya ushuru wa siku, na asipolipa huondolewa. Hakuna anayesimama kumtetea kwa kusema kwamba soko limejengwa kwa kodi na kwamba ardhi ni ya umma. Hatua chache nje ya soko hilohilo, gari la mtu mmoja hukalia eneo mara sita ya lile la mama yule, kutwa nzima, bila senha, na mwenye gari akidaiwa huona ameonewa. Utaratibu unaomtoza anayehangaikia mlo wa siku na kumwachia bure mwenye mali ya mamilioni hauwezi kutetewa kwa jina la umma, na inasikitisha kwamba wanasiasa wanaojiita watetezi wa wanyonge ndio mara nyingi wanaousemea.

Hata neno bure lenyewe ni la uongo katika mtaa uliojaa. Nafasi isiyokuwa na bei hulipiwa kwa foleni na mizunguko. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama kubwa ya maegesho ya bure kilibadili fikra za wapangaji miji duniani, alipima mizunguko hiyo katika eneo dogo la biashara la Westwood Village. Kila dereva alitumia kwa wastani dakika zipatazo 3.3 akitafuta nafasi, muda ambao hakuna anayeuona kuwa ni mwingi. Lakini ulipojumlishwa kwa magari yote na siku zote, mitaa 15 tu ilizaa takriban kilomita milioni 1.5 za mizunguko isiyo na faida kwa mwaka, na lita zipatazo 178,000 za petroli zilizoteketea katika kutafuta bei ndogo ya barabarani. Uchunguzi 16 aliokusanya kutoka miji mbalimbali ulionyesha kwamba wastani wa asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yakitafuta nafasi. Uchunguzi huo ulifanywa mahali palipokwisha kujulikana kuwa na msongamano, kwa hiyo ni kosa, linalofanywa hata na maofisa, kuitaja asilimia hiyo kana kwamba ni ya kila mji. Lakini kwa mtaa uliojaa, somo lake halina shaka. Sehemu ya foleni ambayo wenye magari hulalamikia ni wao wenyewe, wakizungukia nafasi ambayo hawataki kuilipia.

Zaidi ya hayo, nafasi ya bure yenye wagombea wengi haikai bure kwa muda mrefu, kwa kuwa kitu chenye thamani kisichokuwa na mwenye kukiuza hupata mwenye kukiuza. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na watoto wa mitaani walioitwa parking boys, waliowaonyesha madereva nafasi na kupokea chochote, na ilikuwa kwa ajili yao kwamba padri Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu mwaka 1973. Katika miji mingi ya Afrika leo vijana hufanya kazi hiyohiyo: hupunga mkono, huongoza gari kuingia, hulilinda na kungoja malipo. Dereva hulipa, mara nyingine kwa shukrani na mara nyingine kwa kuhofia gari lake, lakini hulipa. Wengi wa wanaosema kwamba hawawezi kulipia maegesho wamekuwa wakiyalipia kwa miaka mingi, bila risiti, bila bei inayojulikana, na bila hata shilingi moja kurudi kwenye taa au mitaro ya mtaa huo.

Wenye maduka nao huleta utanzu wa hoja hiyohiyo, wakidai kwamba mita zitafukuza wateja. Hesabu ndogo inatosha. Mtaa wenye nafasi 20, usio na bei, hujazwa kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na wanaoujaza si wateja bali wafanyakazi wa ofisi za karibu na, mara nyingi mno, wenye maduka wenyewe pamoja na wasaidizi wao. Magari hayo hayaondoki hadi jioni, kwa hiyo kwa siku nzima mtaa umehudumia magari 20. Bei ikiwekwa kiasi cha kumfanya kila mmoja akae kwa wastani wa saa moja, na nafasi tatu zikibaki tupu wakati wowote, mtaa uleule utahudumia magari 170 katika saa kumi. Mteja anayetaka kununua dawa au kutoa fedha benki hahitaji saa kumi, anahitaji dakika 20 na uhakika wa kupata pa kusimama. Mita ya Oklahoma City ilibuniwa kwa sababu hiyo hasa: Carl Magee, aliyeianzisha, alikuwa mjumbe wa chama cha wafanyabiashara wa mji, na kero aliyopewa kuitatua ilikuwa ya wafanyakazi waliojaza barabara kutwa na kuwanyima wanunuzi nafasi. Madereva walipiga kelele kwamba ni kodi isiyo halali juu ya magari yao. Wafanyabiashara waliiunga mkono walipoona magari yanaingia na kutoka. Ni miaka 90 sasa, na bado wenye maduka wa miji yetu hupewa nafasi za kuzungumza wakisema yale ambayo wenzao walikwisha kuyaona kuwa si kweli.

Dawa inayopendekezwa badala ya bei, nayo ni kujenga maegesho zaidi, haiponyi chochote maadamu ya barabarani ni bure. Jengo la maegesho ni ghali, na lazima litoze ili lirudishe gharama. Dereva anayeona kwamba ghorofani analipa na mlangoni halipi ataendelea kuuzunguka mtaa, na jengo litabaki na sakafu tupu huku barabara imejaa. Alama ya kukataza kuegesha zaidi ya saa mbili, bila bei, haina nguvu kubwa zaidi, kwa kuwa humlazimu askari kukumbuka gari lipi lilifika lini, na humfanya mwenye gari alisogeze mbele kidogo na kuanza saa mbili nyingine.

Kusema kwamba hoja ya kodi ni batili si kusema kwamba kila mita ni halali na kila halmashauri inastahili kutiiwa. Hapa ndipo hasira ya wananchi ina msingi, na inauma kuiona ikipotezewa kwenye swali lisilo na maana huku makosa yenyewe yakipita. Kosa la kwanza ni la Nairobi: ada ya siku nzima. Anayelipa shilingi 300 asubuhi hana sababu yoyote ya kuondoka kabla ya jioni, na anayehitaji nusu saa hutozwa sawa na anayekaa saa kumi, kwa hiyo ada ya namna hiyo huingiza fedha bila kuachia nafasi, na huwapa wapinzani haki ya kusema kwamba lengo lilikuwa mapato tu. Mabishano ya mwaka 2013 yalifika Mahakama Kuu, yakahusu ukubwa wa ada na ushirikishwaji wa wananchi katika kuitunga. Umbo la ada hiyo, ambalo ndilo lililokuwa na kasoro kubwa zaidi, halikugusa hisia za watu. Kosa la pili ni deni lisilojulikana, yaani mfumo wa kuandika namba ya gari bila kumhakikishia dereva kwamba amejua ametozwa, wapi na saa ngapi, hadi faini inapomkuta baadaye. Mfumo wa kielektroniki usiotoa taarifa papo hapo, na usio na mahali pa kukata rufaa, hugeuza ushuru mdogo kuwa chuki kubwa.

Kosa la tatu ndilo la hatari kuliko yote, nalo lilifanyika Chicago. Mwezi Desemba 2008 meya Richard Daley alipeleka kwa baraza la jiji mkataba wa kukodisha takriban mita 36,000 kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa malipo ya mara moja ya dola bilioni 1.15, na baraza likaupitisha ndani ya siku chache. Mkaguzi mkuu wa jiji alikadiria mwaka uliofuata kwamba jiji lilipunjwa karibu dola milioni 974. Bei zilipanda kwa kasi, sehemu kubwa ya fedha iliyopokelewa ikatumika kuziba mapengo ya bajeti katika miaka michache, na mkataba ukalibana jiji hata katika barabara zake lenyewe, kwa kuwa linapofunga mtaa kwa ajili ya sherehe au matengenezo linaweza kudaiwa fidia na kampuni. Kampuni ilikwisha kurudisha fedha iliyolipa ikiwa bado imebakiwa na zaidi ya miaka 60. Mwananchi mwenye nguvu za kuandamana angeandamana dhidi ya mkataba wa namna hiyo, kwa kuwa huo ndio wizi wa mali ya umma, unaofanywa kwa saini na mhuri bila mtu yeyote kuinua sauti kwa wakati.

Yanayopasa kufanywa ni machache na yanajulikana. Bei iwe ya saa au sehemu ya saa, kamwe isiwe ya siku. Ipangwe mtaa kwa mtaa, kwa kuangalia ukaliwaji, kanuni aliyoidokeza mwanauchumi William Vickrey tangu mwaka 1954: mtaa ukijaa kupita asilimia 85, bei ipande kidogo, ukibaki na nafasi nyingi tupu, ishuke, hata ifike sifuri. San Francisco ilipoijaribu kanuni hiyo kuanzia mwaka 2011 bei ya wastani ya kando ya barabara ilishuka badala ya kupanda, jambo ambalo wanaoamini kwamba mita ni njia ya kukamua watu hawajawahi kulieleza. Jioni na siku za mapumziko, mtaa ukiwa mtupu, mita isitoze. Itengwe sehemu ya kushushia mizigo, sehemu ya watu wenye ulemavu karibu na milango, na sehemu iliyochorwa kwa ajili ya bodaboda na bajaji, kwa kuwa pikipiki sita huenea katika nafasi ya gari moja na hubeba watu wengi zaidi kwa siku. Malipo yawezekane kwa simu ya kawaida na kwa fedha taslimu dukani, risiti itolewe papo hapo, na ujumbe ufike kabla ya faini. Kufunga gurudumu kwa cheni kuwe hatua ya mwisho kwa mwenye madeni sugu, kwa kuwa gari lililofungwa cheni huendelea kuikalia nafasi ileile ambayo mita ilikusudiwa kuiachia. Vijana waliokuwa wakilinda magari wapewe kwanza nafasi za uhudumu, wakiwa na sare, kitambulisho na mshahara usiotegemea idadi ya faini.

Fedha irudi mtaani ilikotoka. Pasadena, California, wafanyabiashara wa mji mkongwe walipinga mita hadi mwaka 1993, walipohakikishiwa kwamba mapato yote yangetumika katika mitaa yao yenyewe kwa njia za miguu, taa na usafi; baada ya hapo wao ndio waliozitetea. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo halmashauri ibandike kila mwezi, kwenye ubao wa soko na si kwenye kabati la mhasibu, kiasi kilichokusanywa katika kila mtaa, gharama ya kukikusanya na kazi iliyofanywa kwa kilichobaki. Sheria ya Msumbiji ya fedha za serikali za mitaa, namba 1 ya mwaka 2008, inazipa manispaa uwezo wa kutoza ada kwa matumizi ya mali zao. Haizizuii kueleza ada hiyo imekwenda wapi.

Kwa Palma na vijiji vinavyoizunguka Afungi, kazi ya kwanza haihitaji nguzo wala mashine. Inahitaji ramani ya mitaa inayokusudiwa, mistari iliyochorwa ardhini, watu wawili wenye daftari wa kuhesabu magari asubuhi, adhuhuri na jioni, na kanuni iliyoandikwa kabla ya malori hayajazoea: kwamba kando ya barabara ni ya kupishana, kwamba makampuni yataegesha magari yao ndani ya viwanja vyao, na kwamba siku ukaliwaji utakapopita asilimia 85 bei itaanza, kwa kiwango kilichotangazwa tangu leo. Ndani ya uzio wa eneo lolote kubwa la ujenzi gari halisimami popote dereva apendapo, na makampuni yanayoikubali nidhamu hiyo ndani hayana udhuru wa kuikataa nje. Na ikitokea mwekezaji akaja na ahadi ya kuweka mita na kukusanya ushuru kwa niaba ya mji, mkataba wake usizidi miaka mitano, mji au wilaya ibaki na mamlaka ya kupanga bei na ya kufunga mtaa bila kulipa fidia, na kila ukurasa wake usomwe hadharani, kwa Kireno, kwa Kiswahili, kwa Kimwani na kwa Kimakonde, kabla mtu yeyote hajatia saini.